Sura ya Saba: Kufuli Chini ya Kufuli

Mama mhasibu alinipigia simu Alhamisi, saa tatu usiku. Alikuwa bado ofisini, kwenye SACCOS ya walimu ya mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, na nyuma yake nilimsikia mwenyekiti akiuliza kama nimepatikana. Mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa Jumamosi. Wanachama wa vijijini walikuwa wameahidiwa kwamba taarifa ya hesabu itawekwa kwenye tovuti ya chama mapema, ili waje wameshaisoma. Kijana aliyeitengeneza tovuti alikuwa amepata kazi mkoa mwingine, simu yake haipatikani, na pale ofisini hakuna aliyejua nywila hata moja.

Nilimwamkia, akaitikia haraka, kisha akaniambia shida yake. "Wewe ni fundi wa mambo haya, mwanangu. Ingia humo ndani uisome ile nywila ya zamani, unitajie niandike."

Nilimjibu kwamba nywila ya kuingilia kwenye tovuti haisomeki, hata na fundi, kwa sababu seva yenyewe haiijui.

Alinyamaza kidogo. "Sasa kama haiijui, inatambuaje kwamba tumekosea?"

Nimefundisha vijana wengi kazi hii, na ni wachache waliowahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini nywila iliyopotea haitafutwi, hubadilishwa tu. Na kwa nini anayeweza kuibadilisha ndiye mwenye nyumba, hata kama mwenyewe hajui.

Unga haurudi kuwa mahindi

Nywila za kompyuta zilianzia kwenye chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu za haraka mno, kiasi kwamba kila mmoja alijiona yuko peke yake. Kila mtu alikuwa na mafaili yake, hivyo kila mtu akapewa neno lake la siri. Maneno yote hayo yaliwekwa kwenye faili moja, yameandikwa wazi kama orodha ya mahudhurio.

Katikati ya miaka ya 1960 orodha hiyo ilimwagika. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, mmoja faili la nywila, mwingine ujumbe wa siku unaoonyeshwa kwa kila anayeingia. Programu ya kuhariria haikutegemea watu wawili, mafaili ya muda yakabadilishana nafasi. Tangu dakika hiyo, kila aliyeingia kwenye mfumo alipokelewa na nywila za watumiaji wote. Corbató alikisimulia kisa hicho mwenyewe miaka mingi baadaye, katika hotuba ya kupokea tuzo ya Turing ya mwaka 1990.

Funzo lilikuwa kwamba faili lolote linaloweza kusomwa, iko siku litasomwa na asiyetakiwa. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, waliofanya kazi kwenye mfumo wa Unix, waliandika jinsi walivyolitibu tatizo hilo. Kompyuta isiiweke nywila. Iisage.

Mfano wa mashine ya kusaga unafaa hapa. Ukipeleka mahindi yako mashineni unarudi na unga, na hakuna mashine ya kuurudisha unga kuwa mahindi. Seva inaposajili nywila yako, inaipitisha kwenye hesabu ngumu, inatunza unga, mahindi inayatupa. Kesho ukija, inasaga ulichoandika na kulinganisha unga na unga. Ukifanana, unapita. Ukitofautiana hata chembe, unarudishwa. Hivyo ndivyo inavyotambua kosa bila kujua kilicho sahihi.

Morris na Thompson waliongeza jambo la pili, ambalo wenyewe waliliita chumvi. Kabla ya kusaga, kila nywila inatiwa chembe yake ya bahati nasibu, moja kati ya 4,096 kwa mfumo wao, ili watu wawili waliochagua neno lilelile wasitoke na unga unaofanana. Walikuwa na sababu ya kuhangaika, kwani kati ya nywila 3,289 walizozikusanya, 2,831 zilikuwa fupi mno au maneno ya kawaida, yaani asilimia 86. Mashine za leo husaga taratibu kwa makusudi, ili mwizi anayejaribu maneno mamilioni achoke. Mojawapo, bcrypt, iliandikwa na Niels Provos na David Mazières mwaka 1999, na programu ya WordPress, ambayo ndiyo iliyobeba tovuti ya SACCOS ile na tovuti nyingine nyingi mno duniani, iliichukua mwaka 2025.

Ngazi ya funguo

Nilimwomba mama mhasibu achukue karatasi, achore ngazi.

Juu kabisa aandike msimamizi wa tovuti, yaani akaunti ya kuingilia kwenye dashibodi ya WordPress. Chini yake, hifadhidata, mahali makala, majina na ule unga wa nywila vinapokaa. Chini ya hifadhidata, seva yenyewe, au kwa wanaopanga nafasi kwenye seva ya wengine, paneli ya kampuni inayohifadhi tovuti. Chini ya paneli, barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti hiyo. Na chini kabisa, namba ya simu inayoifungua barua pepe.

Kanuni ni moja: aliye kwenye kipandio cha chini anaweza kubadili kitasa cha kila kipandio kilicho juu yake. Mwenye hifadhidata anaweza kumwandikia msimamizi wa tovuti nywila mpya. Mwenye paneli anaweza kuandika upya nywila ya hifadhidata. Mwenye barua pepe anabonyeza "nimesahau nywila" na paneli inamtumia kiungo. Watu huweka nguvu zao zote kwenye nywila ya juu, yenye herufi kubwa na alama za ajabu, huku barua pepe inayoshikilia kila kitu ikifunguliwa kwa namba ya simu isiyotumika tena. Na namba iliyoachwa muda mrefu, kampuni ya simu huichukua na kumuuzia mtu mwingine.

Basi nikamuuliza, "Mama, bili ya kuhifadhi tovuti kila mwaka inakuja wapi?"

"Inakuja kwangu. Kwenye barua pepe ya uhasibu. Si mimi ndiye ninayelipa?"

Kipandio cha nne kilikuwa mkononi mwake muda wote. Kwa mwaka mzima alijiona hana ufunguo, na kila bili aliyoilipa ilikuwa imebeba jina la akaunti na kiungo cha kuingilia. Dakika kumi baadaye tulikuwa ndani ya paneli.

Kutoka pale tulipanda. Paneli ilitufungulia phpMyAdmin, programu inayoonyesha hifadhidata kama madaftari yenye safu na mistari. Tulifungua jedwali la watumiaji, ambalo kwa kawaida huitwa wp_users, ingawa fundi makini hubadilisha kile kiambishi cha mwanzo. Lilikuwa na mstari mmoja tu, wenye jina la kijana na barua pepe yake binafsi. Kwenye safu ya user_pass palikuwa na mfuatano mrefu wa herufi zisizo na maana. Nilimwambia autazame kwenye skrini yake: "Huu ndio unga." Tuliandika nywila mpya, tukachagua MD5 kwenye orodha ya kusagia iliyo kando yake, tukahifadhi. MD5 ni mashine ya zamani na dhaifu, lakini WordPress bado huipokea, na mtumiaji akiingia mara ya kwanza huisaga upya kwa mashine yake yenye nguvu. Kwa hiyo nilimwambia aingie palepale, asisubiri asubuhi. Kisha tukabadilisha barua pepe ya kijana, tukaweka ya chama. Bila hatua hiyo, kiungo kinachofuata cha kurejesha nywila kingekwenda kwake.

Alama iliyo ndani ya neno ng'ombe

Ipo nywila moja ambayo ningeweza kumsomea mama mhasibu kama alivyotaka. Ni ile ambayo tovuti yenyewe huitumia kuingia kwenye hifadhidata. Mashine haina kichwa cha kukumbuka, lazima iandikiwe mahali, na kwenye WordPress mahali hapo ni faili linaloitwa wp-config.php. Humo nywila imeandikwa wazi, mahindi matupu. Yeyote aliyewahi kunakili mafaili ya tovuti anayo. Kijana hakuwa amemkosea mtu, lakini chama chenye taarifa za mikopo ya walimu hakipaswi kuacha ufunguo kwa mtu aliyeondoka. Tukaamua kuibadilisha pia.

Kazi hii ina pande mbili: unabadilisha kwenye hifadhidata, kisha unabadilisha kwenye faili, herufi kwa herufi. Ukifanya upande mmoja ukasahau wa pili, tovuti inaandika kwamba imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata, na kila mgeni anaona hivyo. Ndiyo maana huwa nasisitiza nakala rudufu ichukuliwe kwanza, na pande zote mbili zifanywe kwa pamoja saa ambazo wageni ni wachache.

Mama mhasibu alichagua sentensi yake mwenyewe, ndefu, ya Kiswahili, yenye ng'ombe ndani. Lilikuwa chaguo zuri, kwa sababu urefu hulinda kuliko vituko vya alama. Tuliiingiza kwenye paneli, ikakubaliwa. Tukaiandika kwenye faili, tukahifadhi, tukafungua tovuti. Ikaja nyeupe, haina hata neno.

Kosa lilikuwa kwenye mstari huu, ambao hapa nimeubadilishia maneno:

define( 'DB_PASSWORD', 'ng'ombe watatu mtoni alfajiri' );

Kwenye lugha ya PHP, alama ile ya juu ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Programu ilisoma "ng", ikakuta alama ya pili, ikadhani sentensi imekwisha, na yaliyofuata yakawa vurugu. Dawa ni kuweka mkwaju ulioinama kinyume, yaani \, kabla ya alama hiyo, au kuchagua maneno yasiyo na alama hiyo. Tulichagua njia ya pili. Kwa Kiswahili hatari hii ni ya kila siku: ng'ombe, ng'ambo, kung'aa. Miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haituonyi, kwa hiyo naiandika hapa.

Lipo kosa jingine la hatua hii ambalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Fundi akiogopa kuharibu wp-config.php hutengeneza nakala kandokando yake na kuiita wp-config.php.bak au wp-config.txt. Seva inajua kwamba faili la php ni la kuendeshwa, hivyo haimwonyeshi mgeni yaliyomo. Lakini .bak na .txt kwake ni maandishi ya kawaida, na mgeni yeyote akiandika anwani hiyo atapewa, pamoja na nywila. Wapo wanaopita mitandaoni kila siku wakijaribu majina hayohayo. Ukihitaji nakala, iweke nje ya folda ya tovuti.

Mizizi miwili

Aliyepanga seva nzima, bila paneli, anakutana na jambo jingine. Programu ya hifadhidata iitwayo MySQL ilianzishwa Sweden mwaka 1995, na Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wake, aliipa jina la binti yake, My. Kampuni ya Oracle ilipokuwa inaichukua MySQL, alianzisha programu ndugu na kuiita MariaDB, kwa jina la binti yake mwingine. Zote mbili zina msimamizi mkuu anayeitwa root, yaani mzizi. Na seva yenyewe, kwa kuwa inaendeshwa na Linux, nayo ina msimamizi mkuu anayeitwa root. Ni mizizi miwili tofauti yenye jina moja, na vijana wengi hupoteza usiku mzima wakiandika nywila ya mmoja kwa mwingine.

Kwenye ngazi yetu, mzizi wa Linux uko chini ya mzizi wa hifadhidata. Kwa hiyo aliyepoteza nywila ya hifadhidata lakini ana seva hajapoteza kitu. Kwenye seva nyingi za Ubuntu na Debian inatosha kuandika sudo mysql, kwa kuwa hifadhidata humtambua mzizi wa Linux kwa uso, haimdai nywila. Hiyo ijaribiwe kwanza kabla ya jambo lolote zito.

Ikishindikana, ndipo inapokuja njia ambayo kila fundi ameisikia. Unaisimamisha hifadhidata, kisha unaiwasha ikiwa haina mlinzi:

mysqld_safe --skip-grant-tables --skip-networking &

Fungu la kwanza linaiambia isisome daftari la ruhusa, yaani kila ajaye apite. Fungu la pili linafunga mlango wa mtandao, ili huyo ajaye awe ni wewe tu uliyekaa kwenye seva. MySQL za toleo la 8 hufunga mlango huo zenyewe, za zamani hazifungi, na miongozo mingi inayozunguka imelisahau fungu hili. Ukiliacha, kwa dakika hizo chache hifadhidata yako yote inaweza kuwa wazi kwa dunia. Ukishaingia, unaiamuru isome tena ruhusa, unaandika nywila mpya, unaizima, na unaiwasha kawaida:

FLUSH PRIVILEGES;
ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nywila mpya';

Tazama kile kilichofuata alama ya @. Kwenye MySQL akaunti ni jina pamoja na mahali mtu anapotokea. Mtu yuleyule akitokea anwani nyingine ana akaunti nyingine, yenye nywila yake. Ukibadilisha moja, nyingine imebaki na ya zamani. Kagua orodha nzima ya watumiaji kabla ya kusema umemaliza.

Naipenda zaidi njia tulivu: kuandika amri ile ya ALTER USER kwenye faili dogo, kuiwasha hifadhidata kwa --init-file ikiambiwa ilisome faili hilo, kisha kulifuta. Matokeo ni yaleyale, na mlinzi hakuondoka langoni hata sekunde moja.

Ninasisitiza mlango wa mtandao kwa sababu kufuli lenyewe huweza kuwa na kasoro. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba baadhi ya matoleo ya MySQL na MariaDB, kutokana na namna yalivyotengenezwa kwenye mifumo fulani, yalikosea kulinganisha unga na unga. Takriban mara moja katika kila majaribio 256, nywila yoyote ya uongo ilikubaliwa. Mtu mwenye subira ya dakika moja aliingia kama mzizi. Walionusurika bila kufanya lolote ni wale ambao hifadhidata zao hazikuwa zinasikiliza nje kabisa.

Na kama uliopotea ni mzizi wa Linux? Kampuni nyingi zinazokodisha seva hukupa dirisha la kuiona seva ikiwaka, kana kwamba umekaa mbele yake. Unaisimamisha kwenye orodha ya kuwashia, unaiambia ianze na kukupa amri kabla haijauliza jina la mtu, unaandika passwd, na nywila mpya inapokelewa. Aliyeishika mashine kwa mkono, au ameshika akaunti inayoilipia, yuko chini ya vyote.

Mtu mmoja

Mwaka 2008 jiji la San Francisco lilijifunza hali inayotokea pale kipandio cha chini kinapokuwa kichwani mwa mtu. Terry Childs, msimamizi wa mtandao wa jiji uliounganisha idara zake, alikuwa karibu peke yake mwenye nywila za vifaa vyake. Alipotakiwa kuzitoa alikataa, akisema waliomuuliza hawakuwa watu wa kupewa. Alikamatwa mwezi wa Julai, dhamana ikawekwa dola milioni 5, na bado hakuzitoa. Mtandao haukuzimika, ofisi za jiji ziliendelea na kazi, lakini jiji halikuweza kuingia ndani ya mali yake. Hatimaye meya, Gavin Newsom, alimfuata mahabusu, na Childs akampa yeye mwenyewe. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 4.

Watu wamebishana kuhusu kisa hiki tangu hapo. Mimi nikikisoma naona mwajiri aliyekaa miaka bila kujiuliza swali moja: huyu akiugua kesho, tunaingiaje? Swali hilo halimtuhumu mfanyakazi yeyote, tena linamlinda. Kijana wa SACCOS ile alikuwa mwaminifu, alifanya kazi yake vizuri na kuondoka kwa heri. Hakuna aliyemwomba makabidhiano, naye hakujua kwamba anapaswa kuyatoa.

Bahasha

Usiku ule tulimaliza saa sita kasoro. Taarifa ya hesabu ilikuwa kwenye tovuti, na mama mhasibu aliifungua kwenye simu yake mara mbili kuhakikisha. Nilimwomba afanye jambo la mwisho kesho yake, mchana, akiwa hana haraka. Aandike ngazi ile kwa kalamu: kila kipandio, jina la akaunti, nywila, na barua pepe au simu inayokifungua. Karatasi iingie kwenye bahasha, yeye na mwenyekiti watie sahihi juu ya mfuniko uliogundishwa, na iwekwe kwenye kasha inapokaa mihuri ya chama. Wapo watakaosema nywila haiandikwi kwenye karatasi. Haiandikwi kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Chama kilichoweza kutunza hati za viwanja na vitabu vya hundi miaka 20 kinaweza kutunza bahasha moja.

Tulikubaliana pia kwamba kila baada ya miezi sita bahasha ifunguliwe, kila nywila ijaribiwe, iandikwe upya na kufungwa tena.

Alinipigia miezi sita baadaye, saa nne asubuhi. Walikuwa wamefungua bahasha na kujaribu, nywila tatu zikakubali, ya paneli ikakataa. Karani mpya alikuwa ameibadilisha mwezi uliopita, kwa nia njema, bila kumwambia mtu. Karani mwenyewe alikuwa amekaa hapohapo mezani.

"Ameshaniandikia mpya," mama mhasibu alisema. "Nimekupigia tu ujue. Tunagundisha bahasha."